Seva Ikifa, Ife Kweli

Ofisi nyingi zina seva moja inayotunza mafaili ya kila mtu: michoro ya wahandisi, orodha ya mishahara, picha za eksirei. Siku ikizimika, kazi inalala. Dawa inayopendekezwa ni kuongeza seva ya pili ikae tayari kupokea zamu, na wauzaji hupenda kuionyesha dawa hiyo kwa mbwembwe: wanazima seva ya kwanza, ya pili inaamka, makofi yanapigwa. Ila kuamsha seva ya pili ndiko rahisi kuliko yote.

Chukua NFS, itifaki iliyotoka Sun Microsystems mwaka 1984, ambayo hadi leo ndiyo njia ya kawaida ya kompyuta za Unix na Linux kutumia mafaili kwa pamoja. Matoleo yake ya mwanzo yalibuniwa kwa makusudi ili seva isilazimike kumkumbuka mteja: kila ombi lilijitosheleza. Seva ikizimika, kompyuta ya mtumiaji hurudia ombi lile lile mpaka ijibiwe. Fungua kumbukumbu za mfumo kwenye kompyuta hiyo baada ya tukio, utakuta mstari unaosema seva haijibu, bado inajaribiwa. Chini yake mwingine unasema seva iko sawa. Katikati, programu zilisimama tu zikingoja. (Hii ni pale folda ilipounganishwa kwa mtindo wa `hard`. Wanaotumia `soft` ili watu wasilalamike kuganda wanaipa programu kosa katikati ya kuandika, na faili huweza kubaki nusu.)

Sasa, kama mteja yuko radhi kungoja, anayekuja kumjibu si lazima awe yule yule, mradi aonekane yule yule.

Anwani ya IP ndiyo nyepesi: haifungwi kwenye mashine yoyote, bali huhama, na seva inayoipokea hutangaza kwenye mtandao kwamba anwani ile sasa iko kwake. Data nayo hukaa ama kwenye diski za pamoja zinazofikiwa na seva zote mbili, ama hunakiliwa na DRBD, programu ya kampuni ya LINBIT ya Vienna iliyoingizwa kwenye kiini cha Linux toleo 2.6.33 mwaka 2010. Ikiwekwa kwenye itifaki yake C, haikiri kwamba data imeandikwa mpaka ifike kwenye diski za pande zote mbili. Juu ya hayo husimama Corosync, inayosikiliza kama mwenzake yu hai, na Pacemaker, inayoamua nani aendeshe nini.

Pacemaker huambiwa pia mpangilio: kwanza diski, kisha mfumo wa faili, kisha NFS, kisha kuitoa folda kwa wateja, na anwani ya IP mwisho kabisa. Wengi huitanguliza anwani wakidhani wanaokoa sekunde. Ikifika mapema, NFS ikiwa imeamka lakini folda bado haijatolewa, mteja anabisha na kuambiwa kwamba faili alilolishika halipo. Kimya mteja hukivumilia. Jibu baya halivumilii.

Jibu hilo baya lina jina, `Stale file handle`, na lina chanzo kingine kinachosumbua zaidi. Mteja haombi faili kwa jina kila mara. Akishalipata mara ya kwanza hupewa kitambulisho, fungu la baiti zisizozidi 64 katika toleo la tatu la NFS, lenye utambulisho wa mfumo wa faili na namba ya ndani ya faili lenyewe. Seva ya pili ikiuita mfumo ule ule kwa utambulisho mwingine, vitambulisho vyote vilivyo mikononi mwa wateja vinageuka batili. Tiba ni neno moja ndani ya `/etc/exports` kwenye seva zote mbili, `fsid=10` kwa mfano. Na ndiyo maana kunakili folda kila usiku kwa rsync hakukupi seva ya kupokea zamu: mafaili yatafanana, lakini namba zake za ndani hazitafanana.

Makufuli ndiyo yanayofuata. Programu ikilifunga faili ili nyingine isiliandike, lazima mtu akumbuke. Toleo la tatu huweka orodha ya wateja wenye makufuli ndani ya `/var/lib/nfs`, kwa hiyo folda hiyo inapaswa kuhama pamoja na data. Toleo la nne hutoa makufuli kwa muda, kwa kawaida sekunde 90 kwenye Linux, nayo seva inayopokea zamu hutumia muda kama huo kuwaacha wateja wa zamani wadai makufuli yao kabla ya kumpa yeyote jipya. Simu za malalamiko huja dakika hiyo: imewaka lakini haifanyi kazi. Fundi asiyejua huiwasha upya, na hesabu inaanza mwanzo.

Yote haya hayana maana kama seva ya kwanza haikufa. Kimya si kifo. Huenda ni kebo iliyochomoka kati ya seva hizo mbili, na kila moja sasa inaamini mwenzake amekufa. Zote mbili zinachukua anwani, zote zinaandika. Kwenye diski ya pamoja, mfumo wa faili kama XFS au ext4 huharibika, maana haukuundwa kuandikwa na seva mbili kwa wakati mmoja. Kwenye DRBD unapata matawi mawili ya data, na mtu lazima achague kazi ya nani itupwe. Mafahali wawili hawakai zizi moja, na Pacemaker inalijua hilo: kabla ya kupokea zamu inataka kumzimia mwenzake umeme na kupata uthibitisho.

Utaratibu huo huitwa STONITH, na mwongozo baada ya mwongozo humwambia fundi auzime kwa kuandika `stonith-enabled=false` ili onyo la Pacemaker liondoke. Asiandike. Na asitegemee IPMI peke yake, yaani kuizima seva kupitia kifaa cha usimamizi kilicho ndani yake. Kifaa hicho kinakula umeme wa seva ile ile. Umeme wa seva ukikatika nacho kinakufa, hakuna wa kuthibitisha, na seva ya pili itakaa ikingoja bila kuchukua kazi. Panapokatika umeme mara kwa mara, weka kifaa cha kugawa umeme kinachozimwa kwa mtandao, kama njia ya pili. Ongeza na mashine ndogo ya tatu ya kupiga kura tu, kwa sababu nusu kwa nusu si wingi.

Kisha jaribu, na si kwa amri ya kuzima kistaarabu. Anza kunakili faili la gigabaiti kadhaa, chomoa waya wa umeme. Siku nyingine chomoa ule wa mtandao. Linganisha `sha256sum` za nakala na asili. Zikitofautiana, angalia kwanza kama mtu aliweka `async` kwenye folda, maana hapo seva husema imeandika wakati data bado iko kwenye RAM. Na seva ya kwanza ikishapona, usiiache irudishe zamu yenyewe saa nne asubuhi. Ipe Pacemaker thamani ya `resource-stickiness`, huduma ibaki ilipo mpaka jioni watu watakapoondoka.