Je, Wajua? Kiu ya Madaraka, Kuanzia Madebe ya Gombe Hadi Kabichi za Diocletian

Hakuna jambo linalonifurahisha kusoma kama habari za wanaotaka kutawala. Hadithi na historia hapa zinaingiliana kiasi kwamba mara nyingine polisi wenyewe hushindwa kuzitenganisha. Tuanze na hao polisi.

Mhusika wa riwaya aliyetolewa amri akamatwe

Oktoba 1986 Ngũgĩ wa Thiong'o alichapisha kwa lugha ya Gĩkũyu riwaya ya Matigari, kisa cha mpigania uhuru anayetoka msituni na kuzunguka nchi akiuliza ukweli na haki vinapatikana wapi. Watu waliipenda, wakawa wanaizungumzia kila walipokutana. Kwa masimulizi ya Ngũgĩ mwenyewe, mwanzoni mwa 1987 taarifa zilifika serikalini kwamba kuna mtu anaitwa Matigari, yuko Mkoa wa Kati wa Kenya, anapita huku na huko akiuliza maswali hayo. Amri ikatoka akamatwe! Polisi walipogundua kwamba mtu wao anaishi kitabuni tu, walikigeukia kitabu, na Februari 1987 nakala zikaondolewa madukani. Sidhani kama mwandishi anaweza kupewa sifa kubwa kuliko hiyo.

Sokwe aliyepanda cheo kwa kelele

Mwaka 1964 huko Gombe, Kigoma, sokwe dume aliyeitwa Mike alikuwa karibu na mkiani kabisa katika kundi lake. Hakuwa na mwili mkubwa. Ila aliona kitu ambacho wenzake hawakukitilia maanani, yaani madebe matupu ya mafuta ya taa katika kambi ya mtafiti Jane Goodall. Akawa anayachukua, anatimua mbio kuelekea walipokaa wakubwa huku akiyapiga na kuyasukuma mbele yake, hata matatu kwa mpigo, na wakubwa wanatawanyika. Punde hata Goliath, aliyekuwa kiongozi, akasalimu amri. Goodall aliishia kuyaficha madebe, lakini wakati huo Mike alikuwa ameshakuwa mkubwa wao, na akabaki hapo kwa miaka kama 6.

Ukifuata mwambao huohuo wa Ziwa Tanganyika kuelekea kusini unafika Mahale. Huko alitawala sokwe mwingine, Ntologi, kwa zaidi ya miaka 10, naye mbinu yake ilikuwa nyama. Watafiti wa Kijapani chini ya Toshisada Nishida waliona kwamba kila alipopata mawindo aliwagawia majike, wazee na wale ambao angewahitaji siku ya ugomvi. Mpinzani wake wa karibu na vijana waliokuwa wanainukia waliambulia patupu. Nikisoma habari hizi huwa najiuliza kama kampeni za uchaguzi kweli zilianzishwa na binadamu.

Vita vilivyokwisha kabla ya mapumziko

Sultani Hamad bin Thuwaini wa Zanzibar alifariki ghafla tarehe 25 Agosti 1896, na saa chache baadaye binamu yake, Khalid bin Barghash, alikuwa ameshaingia kasri bila ridhaa ya Waingereza. Walimpa hadi saa 3 asubuhi ya tarehe 27 awe ametoka. Saa 3 na dakika 2 mizinga ya manowari ikaanza kulia. Kwa hesabu inayotajwa zaidi, vita vilichukua dakika 38, na nusu moja ya mechi ya mpira ni dakika 45. Katika muda huo mfupi watu wapatao 500 wa upande wa Khalid waliuawa au kujeruhiwa. Upande wa Waingereza alijeruhiwa baharia mmoja.

Lakini kinachonivutia zaidi ni jinsi Khalid alivyoponyoka. Alikimbilia ubalozi mdogo wa Ujerumani, na nje wakamsubiri askari wa kumkamata mara tu atakapokanyaga ardhi ya Zanzibar. Hakuikanyaga. Tarehe 2 Oktoba, maji ya bahari yalipojaa, mashua ya manowari ya Kijerumani ilisogea hadi kwenye lango la bustani ya ubalozi. Khalid akatoka bustanini na kuingia mashuani moja kwa moja, akapelekwa Dar es Salaam. Waingereza walimpata mwaka 1916, ikiwa ni miaka 20 baadaye, wakampeleka uhamishoni, na mwisho alifia Mombasa mwaka 1927.

Katibu wa njama alikuwa binti wa miaka 15

Kulitaka kasri kwa nguvu Khalid alikurithi kwa baba yake. Mwaka 1859 Barghash bin Said alijaribu kumwondoa kaka yake, Sultani Majid, na barua za njama hiyo ziliandikwa na dada yao mdogo, Sayyida Salme. Alipewa kazi hiyo kwa sababu alijua kuandika, ujuzi ambao mabinti wa kasri hawakufundishwa. Salme alijifundisha mwenyewe kwa siri, akinakili herufi za Kurani juu ya mfupa wa bega la ngamia.

Nyumba ya Barghash ilipozingirwa, dada zake waliingia kumwona na kutoka naye akiwa kavishwa nguo za kike, uso umefunikwa, macho tu yanaonekana, wakawapita askari wa Majid. Njama ilishindwa hata hivyo. Barghash akahamishiwa Bombay, akarudi baadaye, na mwaka 1870 akakalia kiti alichokitamani. Salme naye alikuwa ameondoka Zanzibar mwaka 1866 na kuolewa na Mjerumani. Aliporudi kuitembelea nchi yake mwaka 1885, kaka yule ambaye alimwandikia barua akihatarisha maisha alikataa hata kumpokea. Mwaka uliofuata Salme alichapisha kumbukumbu zake, na mengi tunayoyajua kuhusu njama ile tunayajua kutoka kwake.

Sindano ya shaba

Mtawala wa Pate hakumwogopa adui wa ng'ambo kama alivyomwogopa Fumo Liyongo, shujaa na mshairi aliyependwa na watu wake. Katika utenzi wa Muhammad Kijumwa wa mwaka 1913, Liyongo anatiwa gerezani na kutoroka kwa tupa ambayo mama yake aliificha ndani ya mkate. Silaha haimwingii mwilini, isipokuwa sindano ya shaba ikichomwa kitovuni, na siri hiyo anaitoa kwa mwanawe. Mwana ameahidiwa cheo pamoja na kuozwa binti wa mfalme.

Baada ya kuchomwa, Liyongo anakwenda kisimani, anapiga goti, anapachika mshale kwenye upinde na kukata roho katika hali hiyohiyo. Mji mzima unakaa siku kadhaa bila kuthubutu kuteka maji, kwa kudhani yu hai! Yule mwana hakupata cheo wala mke.

Karatasi ileile ya Kamiti

Mwaka 1968 kijana wa Mombasa, Abdilatif Abdalla, aliandika waraka ulioitwa "Kenya: Twendapi?" Swali hilo lilimtia kifungoni miaka 3. Gerezani hakuruhusiwa kalamu wala daftari, basi mashairi yake aliyaandika kwenye karatasi za chooni. Yakatoka mwaka 1973 katika diwani ya Sauti ya Dhiki, na mwaka 1974 diwani hiyo ikapewa tuzo ya fasihi yenye jina la Jomo Kenyatta, rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga.

Miaka michache baadaye Ngũgĩ naye aliwekwa kizuizini katika gereza la Kamiti, kuanzia Desemba 1977 hadi Desemba 1978, na riwaya yake ambayo Waswahili tunaijua kwa jina la Shetani Msalabani akaiandika juu ya karatasi kama hizohizo. Waliotaka kunyamazisha kalamu walisahau kwamba hata gereza haliwezi kukosa choo.

Kwa fisi, kitinda mimba ndiye mkubwa

Fisi madoa wanatawaliwa na majike, na mtoto hurithi cheo cha mama yake moja kwa moja. Zaidi ya hapo, kati ya mabinti wa mama mmoja, aliyezaliwa mwisho ndiye huwapita dada zake wote. Timu ya Kay Holekamp imewafuatilia fisi wa Maasai Mara tangu 1988, vizazi na vizazi. Dume akihamia ukoo mwingine huanzia chini kabisa, hata watoto wa wenyeji wanamzidi cheo.

Maiti iliyosafiri na samaki

Qin Shi Huang, mfalme wa kwanza wa China nzima, alituma watu baharini wakamtafutie dawa ya kutokufa. Mwaka 210 kabla ya Kristo akafa akiwa safarini, mbali na makao yake makuu. Maofisa wawili waliotaka kumchagua mrithi wao wenyewe walificha kifo. Kila siku chakula kilipelekwa kwenye gari la mfalme kama kawaida, na kwa kuwa ilikuwa majira ya joto, waliongeza kwenye msafara shehena ya samaki waliovunda ili harufu ya maiti isitambulike. Kwa barua ya kughushi wakamwamuru mwana mkubwa ajiue, naye akatii. Ufalme uliokusudiwa kudumu vizazi elfu kumi ulianguka miaka michache tu baadaye.

Rais aliyemtafsiri Kaizari

Januari 1962, wiki 6 tu baada ya uhuru wa Tanganyika, Julius Nyerere alijiuzulu uwaziri mkuu ili akakijenge chama. Desemba ya mwaka huohuo alikuwa rais, na mwaka uliofuata, 1963, ikatoka tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare kuhusu Julius Caesar, ambayo aliirekebisha na kuitoa tena mwaka 1969 kama Juliasi Kaizari. Fikiria chaguo lile! Caesar halisi aliuawa tarehe 15 Machi mwaka 44 kabla ya Kristo, muda mfupi baada ya kufanywa dikteta wa maisha, kwa majeraha 23, na waliomchoma walikuwa maseneta wenzake. Kiongozi wa dola changa aliketi kutafsiri habari za mtawala aliyeuawa kwa kutaka makuu. Mwaka 1985 Nyerere aling'atuka kwa hiari yake.

Majina marefu, uso mawinguni

Idi Amin wa Uganda alijiita, pamoja na sifa nyingine, Rais wa Maisha, Bwana wa Wanyama Wote wa Nchi Kavu na Samaki wa Baharini, na Mshindi wa Dola ya Waingereza. Uganda haina bahari. Huko Zaire, taarifa ya habari ya televisheni ilianza kwa uso wa Rais Mobutu ukishuka kutoka mawinguni. "Maisha" ya Amin kitini yalikuwa miaka 8.

Tiketi uliyoichagua ina thamani zaidi

Mwaka 1975 mwanasaikolojia Ellen Langer wa Marekani alieleza jaribio la bahati nasibu ya dola 1. Baadhi ya watu walichagua tiketi wenyewe, wengine walipewa tu. Walipoombwa waziuze, waliopewa walitaka wastani wa dola 1.96, na waliojichagulia walitaka dola 8.67. Nafasi ya kushinda ilikuwa ileile. Tunapenda mno kuhisi kwamba usukani uko mikononi mwetu.

Na kuukosa kunaumiza kweli. Uchunguzi ulioanza mwaka 1967 kwa watumishi wa serikali wa London, maarufu kama Whitehall, uligundua kwamba matarishi na walinzi wa milango walikufa kwa kiwango mara 3 ya wakubwa wa juu, na uvutaji wa sigara peke yake haukutosha kueleza tofauti hiyo. Utafiti wa pili, wa kuanzia 1985, ulionyesha kwamba mtu asiye na kauli juu ya kazi yake yuko katika hatari kubwa zaidi ya ugonjwa wa moyo. Kila mwajiri angepaswa kuisoma habari hii.

Nyani waliobadilisha utawala

Kundi moja la nyani karibu na Maasai Mara lilikuwa na madume wakali ambao kila asubuhi walikwenda jalala la hoteli ya watalii kuwapora nyani wengine mabaki ya chakula. Miaka ya 1980 mwanzoni nyama yenye kifua kikuu ilitupwa pale, na wapiganaji hao wakafa wote, karibu nusu ya madume wa kundi. Wakabaki majike na madume wapole. Robert Sapolsky, aliyekuwa akiwachunguza, aliona kundi likigeuka. Wakubwa hawakuwaonea tena wadogo, na muda wa kuchambuana manyoya ukaongezeka.

Dume la nyani huhama kwao likipevuka. Hivyo ilipofika 1993 hakuna hata dume mmoja wa enzi ile aliyebaki, wote walikuwa wageni kutoka makundi yenye ubabe wa kawaida. Upole ukaendelea! Wageni walipokelewa vizuri na majike, wakaiga desturi ya wenyeji. Mimi naiona hii kuwa habari kubwa kuliko zote nilizoandika hapa.

Kabichi dhidi ya taji

Tarehe 1 Mei 305 Diocletian, mtawala wa Roma, aliacha madaraka kwa hiari, akaenda kuishi kwenye kasri lake la pwani huko Split, Kroatia ya leo. Miaka 3 baadaye wenzake walimsihi arudi. Aliwajibu kwamba wangeziona kabichi alizozipanda kwa mikono yake, wasingemwomba jambo kama hilo. Kasri hilo bado lina wakazi, na katika vyumba vyake vya chini ya ardhi zilipigwa picha za Game of Thrones, tamthilia ya televisheni inayohusu kugombea kiti cha enzi. Mle ndimo Daenerys, mmoja wa wanaokigombea, alimowafungia majoka wake kwa minyororo.