Kumlinda Mgonjwa wa Kisukari Aliye Mbali Nasi

 

Ndugu Waislamu, leo tumekusudia kueleza jambo la afya lililokwisha kuingia katika nyumba nyingi, nalo ni namna ya kumwangalia mgonjwa wa kisukari tunapokuwa mbali naye. Tutaanza na kosa letu wenyewe, kwani mwalimu anayeficha kosa lake huwaachia wanafunzi wake walirudie.

Miaka kadhaa iliyopita, katika madrasa moja tuliyokuwa tukisomesha huku milimani Usambara, palikuwa na kijana mwenye ugonjwa huo. Alfajiri moja ya baridi ya mwezi wa Julai alikuwa akisinzia mbele ya msahafu. Majibu yake yalivurugika, na jasho lilikuwa likimtoka ilhali wenzake wamejifunika makoti. Tukamkemea kwa uvivu. Kijana mwingine aliyelala naye chumba kimoja ndiye aliyesema: "Maalim, huyu sukari yake imeshuka." Akanyweshwa chai yenye sukari nyingi, na baada ya muda akili yake ikatulia. Tulijuta sana. Dalili zilikuwa mbele ya macho yetu, lakini hatukuzijua. Na aliyezijua alikuwa mtoto.

Tufahamu kwanza ugonjwa wenyewe. Katika kisukari cha aina ya kwanza, ambacho aghalabu huwapata watoto na vijana, kinga ya mwili huziharibu chembe za kongosho zinazotengeneza insulini. Pasipo insulini, sukari hubaki katika damu wala haiingii mwilini kufanya kazi yake. Insulini iligunduliwa Toronto, nchini Kanada, mwaka 1921, na mgonjwa wa kwanza alidungwa Januari 1922. Kabla ya hapo mtoto aliyepatwa na ugonjwa huu hakuwa na maisha marefu. Leo, kwa rehema ya Mola, huishi, husoma, huoa au huolewa, na huzeeka.

Lakini insulini ni mfano wa maji ya mfereji tunayoyaleta katika mashamba yetu. Yakipungua, mboga hukauka. Yakizidi, miche huchukuliwa. Tena kipimo kilichofaa jana huenda kisifae leo, kwa kuwa mgonjwa amekula kidogo, au amepanda mlima na mzigo, au ana homa. Kazi nzito ya mchana yaweza hata kuishusha sukari saa nyingi baadaye, usiku wa manane.

Sukari ikiwa chini ya 3.9 kwa vipimo vinavyotumika hospitalini mwetu, huhesabiwa kuwa imeshuka. Mgonjwa hutetemeka, hutoka jasho, huchanganyikiwa, na ikizidi kushuka aweza kuzimia. Ikipanda kwa muda mrefu kwa kukosa insulini, hupata kiu, hukojoa sana, hutapika na kuhema kwa nguvu. Huyo ni wa kupelekwa hospitali bila ya kuchelewa. Aliye macho aweza kusema hali yake. Aliyelala hawezi, na hapo ndipo penye hofu ya kila mzazi.

Kwa miaka mingi njia iliyokuwapo ni kutoboa kidole na kupima tone la damu. Njia hiyo ni nzuri, na hata leo ndiyo tegemeo letu. Hata hivyo, huonyesha saa moja tu, kama mtu aliyechungulia dirishani mara moja kisha akaenda zake. Siku hizi kipo chombo kidogo kiitwacho kihisi, ambacho hubandikwa mkononi au tumboni, na uzi wake mwembamba hukaa chini ya ngozi kwa siku 10 hadi 15 hivi, kwa kadiri ya aina yake. Baadhi ya vihisi hivi hutoa kipimo kila baada ya dakika 5, yaani vipimo 288 kwa usiku na mchana, na huonyesha kama sukari inapanda au inashuka. Kihisi hupima majimaji yaliyo baina ya chembe za mwili, si damu yenyewe, na kwa hiyo huchelewa dakika chache nyuma ya damu. Hali ya mgonjwa isipolingana na namba anayoiona, na atobolewe kidole.

Mwanzoni namba hizo zilikomea kwenye kipokezi kilicho karibu na mgonjwa. Mwaka 2013, katika jimbo la New York nchini Marekani, baba mmoja aitwaye John Costik, ambaye ni mhandisi, alikuwa na mwana mdogo aliyegunduliwa kuwa na kisukari mwaka uliotangulia. Mtoto alikuwa shuleni na baba kazini, na kipokezi kilikuwa na mtoto. Baba akaandika programu ya kuzitoa namba katika kipokezi hicho na kuzipeleka kwenye intaneti, akawa anaziona akiwa mbali. Wazazi wengine walipopata khabari waliomba kufundishwa. Wenye ujuzi wakashirikiana, na kazi yao ikaitwa Nightscout. Wakaitoa bure, na kila mtu akaruhusiwa kuisoma na kuisahihisha.

Mwaka huo huo, bibi mmoja wa Seattle aitwaye Dana Lewis, mwenye kisukari, alikuwa akiogopa kwamba king'ora cha chombo chake hakitamwamsha. Yeye na Scott Leibrand wakaitumia kazi ya Costik kutengeneza king'ora chenye sauti kubwa zaidi, kisha wakakiunganisha na mtu mwingine ambaye angepata khabari kama mgonjwa hakuitika. Nao watengenezaji wa vyombo hawakukaa kimya: Januari 2015 mamlaka ya Marekani iliruhusu programu ya kampuni ya Dexcom inayowapelekea jamaa vipimo vya mgonjwa.

Ndugu zangu, njia hii ni mnyororo wa pete nne. Pete ya kwanza ni kihisi mwilini. Ya pili ni simu iliyo karibu na mgonjwa, inayozipokea namba. Ya tatu ni ghala katika intaneti ambalo jamaa wenyewe hulifungua na kulitunza. Ya nne ni simu ya mlinzi, ambaye aweza kuwa mama, mume, ndugu au mwalimu, nayo hulia namba inapovuka mpaka uliowekwa. Pete moja ikikatika, khabari husimama. Betri ikiisha, simu ikiachwa chumba kingine, au mgonjwa akiteremka bondeni ambako mtandao haufiki, mlinzi hatasikia kitu. Basi simu isipolia, tusidhani kwamba mgonjwa yu salama. Kimya si khabari njema. Ni kukosa khabari. Mlinzi na atazame saa ya kipimo cha mwisho, na akiona kimepitwa na wakati, apige simu.

Kwa upande wa dini yetu, yako mambo matatu ya kuangaliwa. La kwanza ni dhamana. Sheria yetu humwajibisha mtu anayetibu pasipo ujuzi akaleta madhara. Nightscout ni kazi ya watu wa kujitolea, nayo haikuidhinishwa kama chombo cha tiba. Anayeiunganisha nyumbani kwake na aifanye kuwa msaada wa kuangalia, na mambo ya dozi ayapeleke kwa daktari. La pili ni siri. Namba za mwili wa mtu ni amana. Zisionyeshwe kwa asiyehusika, na mlango wa ghala lake ufungwe kwa neno la siri. La tatu ni ruhusa. Upelelezi umekatazwa, lakini ulinzi umeamrishwa, na tofauti yake ni kwamba anayelindwa anajua na ameridhia. Kijana anapokua, tusiifanye kila namba kuwa mashtaka juu ya alichokula, asije akakivua kihisi kwa hasira.

Huenda msikilizaji wa Mlalo, Soni au Mtae akasema: "Vihisi hivyo ni ghali, mkulima wa viazi atavipata wapi?" Ni kweli, na wala hatumwambii mtu auze shamba. Lakini tutazame kilichowaokoa wale wazazi. Kilikuwa namba iliyomfikia mtu aliye macho na anayejua la kufanya. Mnyororo huo twaweza kuufunga kwa vitu vilivyomo mikononi mwetu.

Tuseme binti yenu anasoma Lushoto mjini naye amepanga chumba, na ninyi mko kijijini. Apime kabla ya kulala na anapoamka, aandike katika daftari, kisha awapelekee namba hiyo kwa ujumbe wa simu wa kawaida. Mkubaliane, kwa ushauri wa daktari wake, ni namba gani ya kumfanya ale kabla ya kulala. Mkubaliane pia kwamba ujumbe usipofika kwa saa iliyopangwa, mtampigia. Asipoitika, mtampigia mwenye nyumba au mwanafunzi wa jirani, na huyo awe amekwisha kufundishwa. Daftari hilo liende kliniki, maana daktari hulisoma kama sisi tusomavyo kitabu.

Naye jirani afundishwe hivi: mgonjwa akiwa na fahamu na sukari imeshuka, apewe vijiko vinne vidogo vya sukari vilivyokorogwa katika maji, na baada ya dakika 15 apimwe tena, ikiwa bado iko chini, arudiwe, na ikipanda ale chakula. Akiwa amezimia, asitiwe kitu chochote kinywani, kwani huweza kumpalia. Alazwe ubavu na akimbizwe hospitali. Wala asidungwe insulini wakati huo.

Mwezi wa Ramadhani pia una mafunzo yake. Mwenyezi Mungu amempa mgonjwa ruhusa ya kutofunga, na kuikataa ruhusa hiyo hali mwili unaangamia si uchamungu. Wataalamu wanaowatibu Waislamu wamewaweka wenye kisukari cha aina ya kwanza katika kundi la hatari kubwa. Wameshauri kwamba aliyefunga akafikia chini ya 3.9, au akapita 16.6, afuturu papo hapo. Kutoboa kidole na kuvaa kihisi si kula wala si kunywa. Basi asiache mtu kujipima kwa kuogopa kuvunja saumu.

Ndugu Waislamu, kumtegemea Mwenyezi Mungu hakuondoi wajibu wa kukesha kwa ajili ya aliyelala. Kila mwenye mgonjwa nyumbani, na kila mwenye madrasa, na ajiulize leo kabla ya jua kuchwa: ni nani atakayejua sukari ya huyu ikishuka usiku, na je, amefundishwa la kufanya? Sisi tulijiuliza baada ya kumkemea mgonjwa. Ninyi jiulizeni kabla.

Ewe Mola wetu, waponye wagonjwa wetu, watunze watoto walio mbali nasi, na utujaalie kuwa macho kwa ajili ya wenzetu. Amin.