Marijani ya Fedhaluka na Shanga Nyekundu za Kilosa

Neno marijani hubeba zaidi ya kitu kimoja. Matumbawe mengi ya pwani ya Tanzania yana kiunzi cheupe. Rangi zake majini ni za tishu hai na mwani mdogo mno uishio ndani yake, nazo hutoweka yanapokufa. Marijani ya fedhaluka, itokayo hasa Bahari ya Mediterania, ina wekundu katika kiunzi chenyewe, ndiyo maana hufaa kuchongwa vito. Samesame, shanga nyekundu za misafara ya karne ya 19, zilikuwa kioo kilichoiga marijani: wekundu juu, weupe ndani. Hivyo ushanga mwekundu uonekanao Msowero usiorodheshwe kuwa marijani, hata mwenyewe akiuita hivyo, kabla ya kutazamwa tunduni au palipomeguka.