Kamina: Transfo isiyo na maandishi, namna ya kuitambua kabla ya kuiuza kama shaba

Transfo ya sauti ikitolewa ndani ya redio ya lampi ao ampli ya zamani, mara nyingi inafika kwenye meza ya fundi ikiwa uchi: karatasi imebanduka, rangi za waya zimefifia. Kishawishi ni kuiuza kwa kilo, juu ya shaba yake, ao kuijaribu palepale kwenye umeme wa volti 220. Ya kwanza inapoteza kitu cha maana. Ya pili inaweza kuua.

Kamina, makao makuu ya Haut-Lomami, ni mji wa reli. Hapa njia ya kutoka Lubumbashi kwenda Ilebo inaachana na ile ya Kabalo na Kalemie. Stesheni, misioni, masomo, kambi ya kijeshi iliyojengwa na Wabelgiji: ni pahali pa kusemesha watu wengi kwa mara moja, na kazi hiyo inaomba vipaza sauti.

Uchunguzi unaanza bila umeme. Kwa multimeta, transfo inayopeleka sauti ya lampi kwenye bafle inaonyesha upande mmoja wa waya mwembamba, ohmi mia kadhaa, na mwingine wa waya mnene, usiofika ohmi 1. Ile ndogo ya mikro, iliyofunikwa ndani ya kikopo cha chuma, usiipime ohmi: hata mkondo mdogo wa multimeta unaweza kuacha usumaku ndani yake.

Kisha fundi anatafuta volti 12 za umeme wa kubadilika, kutoka transfo nyingine ndogo, si betri. Anazitia upande wa waya mwembamba. Tuseme upande mnene unatoa volti 0.48: 12 kugawa kwa 0.48 ni 25. Hesabu haiishii hapo, na wengi wanakosea hapa: 25 inazidishwa kwa yenyewe, inakuwa 625, halafu kwa ohmi 8 za bafle. Jibu ni ohmi 5,000, karibu kabisa na zile ambazo lampi moja ya EL84 inaomba.

Ukigeuza, ukatia volti hizo 12 upande mnene, upande mwembamba unaweza kufika volti 300. Mkono ukiwa pale, hakuna mchezo.

Kama hesabu inatoa 11 hivi pahali pa 25, na waya za upande mwembamba ni nyingi, pengine ni transfo ya laini ya volti 100. Kwa bafle ya ohmi 8, hiyo inakaribia ohmi 1,000, maana yake wati 10. Kanisa lenye kiwanja kikubwa lisiitupe: inapeleka sauti mbali kwa waya mwembamba.

Mabati ya chuma nayo yanasema. Yakipangwa yote upande mmoja, na karatasi katikati, transfo ni ya lampi moja, yenye umeme unaopita siku zote kuelekea upande mmoja. Yakipishana, na waya za upande mwembamba zikiwa tatu, ni ya lampi mbili zinazopokezana kazi; kwenye lampi moja sauti yake itakwaruza.

Jaribio la mwisho ni muziki wa chini, nusu saa. Kisha zima, gusa chuma. Kama hakikuchoma, andika ohmi na wati juu yake kwa rangi ya mafuta, kabla haijarudi kwenye sanduku pamoja na zingine.