Kinga ya Kompyuta ya Nyumbani kwa Mhudumu wa Afya

Flashi niliyopewa katika ziara ya kikazi wilayani Kisarawe niliichomeka jioni ileile kwenye kompyuta yangu ya nyumbani, Kibaha. Mafaili yote yalikuwa yamegeuka njia za mkato; nikabofya moja. Fundi alitumia siku mbili kuisafisha mashine. Lililoninyima usingizi ni orodha ya wagonjwa iliyokuwemo, majina pamoja na majibu ya vipimo vya VVU, ambayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inanitaka niilinde.

Programu ya kuzuia virusi nilikuwa nayo, ila nilizima usasishaji ili kuokoa bando. Ni kama chanjo iliyolala nje ya jokofu: kichupa kipo, kinga haipo. Mwezi Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilivuruga hospitali za Uingereza, ilhali Microsoft ilikwisha kutoa marekebisho tangu Machi.

Kwa maoni yangu, Microsoft Defender, inayokuja bure ndani ya Windows 10 na 11, inatosha nyumbani, mradi isasishwe. (Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, anayeitumia apange kuhama.) Anayetaka kununua nyingine asome kwanza matokeo ya maabara huru kama AV-TEST ya Ujerumani. Asiweke mbili kwa pamoja, wala asikubali nakala ya wizi, maana mara nyingi huja na ugonjwa wake.

Orodha ile haikai tena nyumbani kwangu. Mgonjwa naye asione haya kutuuliza taarifa zake tunazitunza wapi.