Ukihamia kwa Mwenza, Posho Nayo Huguswa

Wapenzi wanapoamua kukaa nyumba moja, hesabu ya kwanza huwa ya kodi, umeme na chakula. Nchini Marekani, ikiwa mmoja wao ana ulemavu na anaishi kwa posho ya SSI, iko hesabu nyingine, na wengi huijua barua ya makato ikishafika.

SSI ni posho ya serikali kuu kwa wazee na watu wenye ulemavu wasio na kipato cha kutosha. Ilianza kulipwa Januari 1974. Mwaka 2025, kiwango cha juu kwa mtu mmoja kilikuwa dola 967 kwa mwezi. Mume na mke wote wakiwa wanastahili, hawakupewa mara mbili yake; walipewa dola 1,450 kwa pamoja. Dola 484 zilipotea kila mwezi kwa sababu tu ni wanandoa.

Mmoja tu akiwa na ulemavu, mambo huwa mazito zaidi. Tuchukue mfano, kwa viwango hivyo vya 2025, wa mwanamke anayetumia kiti cha magurudumu, asiye na kipato kingine wala mtoto, ambaye mumewe analipwa dola 2,500 kwa mwezi ghalani. Ofisi inayolipa SSI huweka kando dola 85 za mshahara huo, hugawa kinachobaki kwa mbili, kisha hutoa nusu hiyo kwenye zile 1,450. Mwanamke anabakiwa na dola 242.50. Mume akiongeza zamu hadi afikishe dola 3,000, mke hapati hata senti. Na katika majimbo mengi SSI ndiyo mlango wa bima ya afya ya Medicaid, kwa hiyo anaweza kumpoteza hata msaidizi anayemwogesha na kumvalisha.

Je, wasiofunga ndoa? Mshahara wa mpenzi hauhesabiwi hivyo, ingawa akimlipia mwenzake kodi ya nyumba posho inaweza kupungua. Lakini wanaoishi pamoja na kujitambulisha mbele za watu kama mume na mke, SSI huwahesabu kuwa wanandoa, cheti kiwepo kisiwepo. Ofisi huuliza: mnatambulishanaje kwa ndugu na marafiki? Barua zenu huandikwa majina gani? Kuna bili inayowataja kama wanandoa? Familia za wakimbizi kutoka Kongo zinapaswa kulijua hili mapema, maana kwetu mahari ikishatolewa, mtu ni mke wa mtu.

SSDI, posho nyingine ya ulemavu, ni jambo jingine. Anayeipata kwa michango aliyokatwa kazini mwenyewe hapunguziwi kwa sababu ya mshahara wa mwenza. Kwa hiyo kabla ya kufungasha mizigo, soma barua ya malipo ujue ni posho ipi. Kisha toa taarifa: mabadiliko ya makazi au ndoa yanapaswa kufika ofisini si baada ya tarehe 10 ya mwezi unaofuata. Ukichelewa, fedha zilizozidi utadaiwa.

Linalouma zaidi ni akiba. Mpokeaji wa SSI haruhusiwi kuwa na zaidi ya dola 2,000, na wanandoa dola 3,000. Viwango hivyo havijaguswa tangu 1989, huku bei za kila kitu zikipanda. Muswada wa kuvifikisha dola 10,000 na 20,000 umepelekwa bungeni zaidi ya mara moja bila kupita. Wabunge wanapaswa kuupitisha. Hakuna haki katika sheria inayomlazimisha mtu kuchagua kati ya mwenza na matibabu.