Mlinzi Nyuma ya Wenziwe

Jioni watazameni watoto katika mchanga wa Liuli na Mbamba Bay, au katika viwanja vya Mbinga, wanapogawana nafasi za kucheza mpira. Kila mmoja ataka kwenda mbele apate kufunga. Naye aambiwaye abaki nyuma hununa, kana kwamba ametupwa. Basi leo twapenda kuwasimulia habari za mtu aliyekaa nyuma, wala asipungukiwe heshima.

Mtu huyo ni Leodegar Tenga, aliyekuwa beki wa kati na nahodha wa timu ya taifa ya Tanzania. Mwaka 1979 timu yetu ilishindana na Zambia ili ipate kuingia katika mashindano ya Mataifa ya Afrika. Mjini Dar es Salaam ikashinda 1 kwa 0. Katika marudiano ya Ndola zikatoka sare 1 kwa 1, bao letu likifungwa na Peter Tino. Jina la Tino likasifiwa nchi nzima, nayo ni haki yake. Lakini fikirini: bao lile lingalifaa nini, kama walinzi wangaliruhusu mabao matatu?

Machi 1980 Tenga akawaongoza wenziwe huko Lagos. Wakafungwa 3 kwa 1 na Nigeria, ndio waliotwaa kombe. Wakafungwa 2 kwa 1 na Misri. Wakatoka sare 1 kwa 1 na Ivory Coast. Walirudi bila kombe, walakini ilipita miaka 39 ndipo Tanzania ikafika tena katika mashindano hayo, mwaka 2019.

Alipoacha kucheza hakuacha kulinda. Desemba 2004 alichaguliwa kuwa rais wa shirikisho la mpira la Tanzania, baada ya miaka ya ugomvi mwingi katika chama. Mwaka 2013 akaondoka, asigombee tena. Kujua wakati wa kumwachia mwingine, huo nao ni ulinzi.

Enyi wazazi na walimu, nyumbani mwenu yumo beki pia: yule atekaye maji mapema, yule akeshaye na mgonjwa. Hatumwoni ila siku asipokuwapo. Msingoje siku hiyo, mshukuruni leo.